Sikio la Kushoto la Kamishna

Jumatatu, 3 Februari

Kaunta buku hii niliinunua niandike oda za wateja. Oda hazipo. Basi nitaandika ya moyoni, karatasi zisiharibike bure.

Shemeji Abdurahmani kapiga simu kutoka Mugumu. Duka lake la magodoro limepanuka. Anataka mtu mzima, mwaminifu, wa kukaa mlangoni na kukaribisha wateja. Mtu huyo ni mimi. Jumamosi ya tarehe 22 analeta mzigo Tarime, na lori litarudi tupu. Litatosha vitu vyetu vyote pamoja na kabati. Mke wangu Rukaya alikuwa ameweka simu kwenye spika. Aliliangalia kabati tu, kama mtu anayelipima.

Miaka ishirini na saba ninachora mabango hapa Nyamisangura. Kwa brashi, kwa mkono, kwa bismillahi. Siwezi kwenda kukaribisha watu kwenye magodoro. Nimemwomba Rukaya nafasi mpaka hiyo tarehe 22. Kasema sawa, Baba Ikram, lakini nipate kazi moja ya maana, moja tu, ambayo mteja mwenyewe ataiangalia na kufurahi. Asiyefurahi hahesabiwi.

Ungedhani ni rahisi. Rashi ya dhahabu, zile mbio za kukimbilia machimbo mapya huko Kemambo, ina miezi mitatu sasa. Wachimbaji wamejaa mjini mpaka foleni ya chapati inafika barabarani. Kila siku kinafunguliwa kitu: mgahawa, saluni, karasha la kusaga mawe. Kila kitu kinataka bango. Na kila bango linakwenda ng'ambo ya barabara kwa Simioni, mwenye mashine ya kuchapa. Unamtumia picha kwenye simu, unakunywa chai, bango limetoka. Rangi yangu mimi inataka siku mbili kukauka, na jua liwe limekubali.

Halafu kuna hili jambo la migongo. Marehemu baba alinikataza kuchora uso wa kiumbe, nami nimemtii. Bucha zote za zamani za mji huu zina ng'ombe wangu anayeondoka, amekupa mkia. Saluni zina vichwa kwa nyuma. Simioni huwaambia watu kwamba Tarime nzima inawapa mgongo kwa sababu ya Fundi Faridu. Mwaka juzi nilichoka, nikatangaza mbele ya mama lishe Bhoke na wateja wake wote kwamba mguu wangu hautakanyaga kwa Simioni. Haujakanyaga. Ni hatua ishirini tu, kwa hiyo ni kazi.

Lakini leo nina siri. Binti yangu Ikram, anayesoma Mwanza, kanitumia kishikwambi chake cha zamani kwa basi. Kina kalamu yake ya plastiki, na ndani kuna masomo kumi na mawili ya video: Kuchora Kidijitali, kwa Wanaoanza na wa Kati. Simioni anachapa vya watu. Yeye mwenyewe hajui kuchora hata kikombe. Tuone sasa.

Jumanne, 4 Februari

Mwalimu wa kwenye video ni mama wa Kenya, sauti nzuri. Anaanza kwa kuuliza, wasanii wangu, mko poa? Nilimjibu tuko salama. Rukaya akauliza kutoka uani naongea na nani.

Masomo sita ya wanaoanza nimeyaruka. Mtu wa miaka hamsini na mbili haanzi. Nimeingia moja kwa moja kwa wa kati.

Shida ndogondogo zilikuwepo. Nilifunga mlango ili vumbi la malori ya mawe lisigande kwenye rangi mbichi. Nimekaa kwenye joto lile nusu saa ndipo nikakumbuka hakuna rangi mbichi. Kisha nikajikuta napuliza kioo kikauke. Kisha nikakisimamisha kishikwambi ukutani, nikarudi nyuma hatua tatu kuitazama kazi, kama ninavyofanya siku zote, nikakanyaga kopo la kijani. Hiyo sasa ilikuwa rangi ya kweli.

Mambo mawili nimeyapenda. Kwanza, leya. Picha haikai kwenye karatasi moja. Ni kama vioo vilivyolaliana: anga kwenye kioo chake, majani kwenye chake, ng'ombe kwenye chake. Ukiharibu majani, ng'ombe hana habari. Pili, kuna kimshale cha kufuta kosa. Unakigusa, kosa halipo, kama vile hukulitenda. Nilikaa nikakitazama muda mrefu, nikafikiria toba. Baadaye nikagundua kinarudi hatua hamsini tu, kinagoma. Rehema ya Mola haina hesabu hiyo, alhamdulillah. Ningekuwa nimeshaimaliza nikiwa darasa la nne.

Alhamisi, 6 Februari

Mteja.

Ni Mzee Heche wa Kemambo. Shambani kwake ndiko rashi ilikoanzia. Aliwaruhusu wachimbaji, wakachimba maduara yao, yale mashimo marefu ya kufuata mwamba. Wakapata, wakahamia mbele. Mwezi uliopita duara moja lililoachwa wazi lilimmeza dume lake. Dume jeusi, baka jeupe begani. Aliitwa Kamishna kwa sababu hakuwahi kumpisha mtu njia. Heche alinisimulia amekaa kwenye kigoda changu, kofia mapajani. Dhahabu imempa nyumba mpya, na sebuleni kuna ukuta mweupe hauna kitu. Anamtaka Kamishna pale. Simioni kamwambia haiwezekani: picha iliyopo ni moja, ya simu, ukungu mtupu, ukiikuza unapata vigae vya bafuni. Kwa hiyo achorwe.

Na asiwe anaondoka, fundi, Heche akasema. Ameshaondoka. Nataka awe ananiangalia.

Nilimuuliza niandike jina la mwenye ng'ombe. Akacheka. Akanionyesha kwenye picha sikio la kushoto, lina pengo kama chapati iliyong'atwa. Hiyo ni alama ya zizi lao. Zizi la Machage, jirani yake, hukata sikio la kulia. Machage alipomwoa dada yake Heche alitoa mahari, na mmoja wa ng'ombe wale ndiye aliyekuja kumzaa Kamishna. Mpaka leo Machage husema dume lile ni damu ya kwake. Jina la nini, Heche akasema. Mtu akiona sikio anajua ni wa nani.

Sasa suala la uso. Baada ya Alasiri nilikwenda kwa Sheikh Ashrafu. Swali nilikuwa nimelipanga vizuri njiani. Nilimuuliza kama kuna ubaya mtu kugusa mwanga kwa ncha ya kidole. Sheikh alifikiri kwa makini, masikini ya Mungu, akasema yeye haoni ubaya. Nilimshukuru nikaondoka haraka, kabla hajauliza mwanga gani.

Jumamosi, 8 Februari

Somo la tisa. Hili ni somo la maisha yangu.

Mwalimu anasema jicho la mchoraji huzoea makosa yake, kama mtu anavyozoea kukoroma kwake akawa hakusikii. Dawa ni kuigeuza picha. Kuna kitufe. Ukigusa, kushoto kunakuwa kulia, kama kwenye kioo cha kunyolea, na makosa yote yanajitokeza yenyewe. Nilikuwa nimeshamaliza Kamishna, anaangalia kushoto kama kwenye picha ya Heche, nimeridhika naye. Nikamgeuza.

Subhanallah. Kumbe nilikuwa nimechora mbuzi mnene. Pembe moja imeota shavuni. Miguu ya mbele inatokea tumboni. Na siku mbili nzima nilikuwa nakaa nikimsifu.

Nikarekebisha asubuhi yote. Pembe. Miguu. Ule uzito wa shingo. Mwalimu naye akawa anaendelea, akafika mahali akasema, na sasa wasanii wangu, jambo la mwisho, muhimu sana kabla hujahifadhi kazi yako. Ikaadhiniwa Adhuhuri. Nikazima, nikaenda msikitini. Niliporudi niliona imebaki dakika moja tu ya somo. Dakika ya mwisho kila mtu anaijua: ni ya kuaga na kuwaomba watu wajiunge. Nikamuaga mwalimu mwenyewe, kwa heshima, nikahifadhi kazi.

La mwisho lilikuwa jicho. Nilisoma bismillahi, nikaweka nukta nyeupe. Kamishna akaniangalia. Nilijikuta naweka kofia sawa.

Jumatatu, 10 Februari

Rukaya kamwona. Alisimama mlangoni na ungo wake wa mchele. Kisha akasema anaonekana kama anataka kuniuliza nimefuata nini hapa. Kwa Rukaya hiyo ni sifa kubwa.

Sasa kuchapa. Mashine iko moja tu mtaa huu, na mguu wangu ulishatangaziwa. Lakini nina akili. Nimemtuma Rahima, mdogo wake Rukaya, na picha kwenye flashi. Nimempa maelekezo: asitaje jina langu. Akiulizwa, aseme ni kazi ya mzee mmoja wa Kemambo. Bango lenyewe halina jina langu wala la Heche. Limeandikwa KAMISHNA tu, herufi za njano zenye kivuli. Herufi niliziweka mwisho kabisa, baada ya kila kitu, zimekaa kama askari.

Rahima aliuliza kwa nini nisivuke mwenyewe. Nikamwambia haya ni mambo ya biashara, hawezi kuyaelewa. Akasema anayaelewa, hata Bhoke anayaelewa, huwa wanayacheka pamoja wakikatakata vitunguu.

Jumanne, 11 Februari

Rahima kaenda kulichukua bango, karudi mikono mitupu. Simioni kamwambia mwenyewe ameshalichukua. Nikafurahi. Mzee Heche hakuweza kusubiri, kapita mwenyewe. Nikamwambia Rukaya aache kuliangalia kabati.

Saa kumi Heche akaingia dukani. Kofia mkononi, shati lililopigwa pasi. Amekuja kulichukua bango lake.

Nikamwambia linakauka.

Astaghfirullah. Ilitoka yenyewe. Mdomo una miaka ishirini na saba unasema neno hilo.

Jumatano, 12 Februari

Nimevuka barabara.

Wateja wote wa Bhoke walisimama kuangalia, mmoja na supu yake mkononi. Simioni hakucheka, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alinivutia kiti, akasema karibu, mzee wangu, shikamoo. Nikamuuliza kwa upole bango lenye dume jeusi kalichukua nani.

Akasema Machage.

Nikamuuliza Machage anahusika vipi. Simioni akanihesabia kwa vidole. Binti kaja, kasema ni kazi ya mzee mmoja wa Kemambo. Dume jeusi. Sikio la kulia limekatwa, na wa Heche angekatwa la kushoto. Sasa, mzee wangu, hapo kuna la kuuliza? Kampigia Machage simu. Machage kafika kwa pikipiki, kaliona bango, kavua kofia. Kasema huyu ni damu yake, na yeyote aliyemrudisha nyumbani Mungu ambariki. Hakuuliza mengine. Amelitundika getini kwake, kwenye njia wanayopita wachimbaji wote.

Nikasema sikio ni la kushoto. Simioni akasema la kulia. Nikafungua kishikwambi nimwonyeshe alivyo kipofu.

La kulia.

Nilimgeuza Jumamosi nione makosa. Makosa nikayaona. Sikumrudisha. Nilimgeuza ng'ombe wa watu nikamhifadhi hivyohivyo, pengo la sikio likahama kutoka kwa Heche likaenda kwa Machage, na mimi nikaongeza herufi za njano.

Simioni kasema mambo si mazuri huko. Heche amepita pale getini leo asubuhi. Ameona dume lake limekatwa sikio upya, limetangazwa kwa watu wote. Anasema Machage hakusubiri hata mfupa upoe. Wamerudishiana maneno. Vijana wa pande zote wameanza kutembea kwa makundi. Kesho wazee wanakaa. Nilisema labda nisiwasumbue wazee. Simioni akaniangalia. Akasema fundi, hujachora ng'ombe hapo. Umechora vita. Saa mbili nakupitia na pikipiki.

Alhamisi, 13 Februari

Simioni alinipitia saa mbili kamili. Njia nzima mpaka Kemambo nilikuwa nyuma yake. Hakutaja neno mgongo hata mara moja. Lakini nilikuwa nao pale mbele yangu, mpana, umevaa jaketi, na nadhani ulikuwa unacheka.

Wazee walikaa kwenye banda la karasha. Mashine zilizimwa kwa heshima. Ni mara ya kwanza tangu rashi ianze kusikia kuku wa Kemambo. Heche upande huu na watu wake, Machage upande ule na wake, bango limeegemezwa katikati kwenye rundo la mawe ya dhahabu. Kamishna anawaangalia wote. Kazi nzuri, kwa kweli. Nilijivuna kidogo, nikaacha.

Heche akasema Machage alimchukua dada yake na hakuna aliyelalamika, sasa anataka na ng'ombe amrudishe kwa rangi? Machage akasema yeye hajachora kitu, amepigiwa simu kama watu wengine wanavyopigiwa. Tena, akasema, kama ni zawadi anashukuru, na kama ni kosa anashukuru vilevile. Upande wa Heche ukanguruma. Kijana mmoja akasimama. Mzee Werema, mkubwa wao, akamwambia kaa, na hakupaza sauti.

Nikanyoosha mkono. Shikamoo wazee wote. Nikaeleza. Jicho linazoea makosa. Kitufe. Kushoto, kulia. Hakuna aliyeelewa. Werema akasema acha maneno, onyesha.

Nikagusa. Kamishna akaangalia kushoto, pengo sikio la kushoto. Upande wa Heche wakasema huyo. Nikagusa tena. Akaangalia kulia. Upande wa Machage wakasema huyo. Werema akasema tena. Nikagusa. Tena. Mara ya saba mzee yule alianza kutikisika mabega. Nilidhani ana homa. Alikuwa anacheka, hana meno ya juu. Akaomba agonge mwenyewe. Kagonga mara kumi na moja, nimehesabu, na Kamishna akawa anatoka zizi moja kuingia jingine mbele ya watu wote, bila kumpisha mtu njia. Mwishowe hata yule kijana aliyesimama alikuwa ameziba mdomo kwa kofia.

Werema akaamua. Ng'ombe aliyekufa ni wa Heche, hilo halina kesi. Picha ziwe mbili. Anayeangalia kushoto akae kwa Heche. Anayeangalia kulia abaki kwa Machage, kwa sababu hata ng'ombe ana wajomba. Heche na Machage wapeane mikono. Wakapeana. Machage akasema hata hivyo wa kwake ndiye mzuri zaidi. Heche akamjibu wa kwako amechorwa kwa bahati mbaya, kama wewe. Hapo nikajua wamepatana.

Mimi nikapigwa faini ya kreti mbili za soda. Kisha Werema akauliza nani kanifundisha. Nikamwambia. Akauliza kama nilimsikiliza mwalimu mpaka mwisho. Nikaangalia miguu. Akasema, malizia somo, mura. Mura ni kijana. Nina miaka hamsini na mbili. Banda zima lilicheka, na Simioni kuliko wote.

Heche alibaki nyuma. Alikishika kishikwambi, akaweka kidole kwenye lile sikio, la kushoto. Akaniuliza ile nukta nyeupe kwenye jicho ni chozi au jua. Nikamwambia jua. Akasema sawa. Akavaa kofia.

Nilimwambia Rukaya: mteja amefurahi. Akasema furaha iliyopatikana kwenye kesi haihesabiwi.

Ijumaa, 14 Februari

Baada ya sala ya Ijumaa Sheikh Ashrafu alinishika mkono mlangoni. Hakuusalimia, aliushika. Akauliza maneno mawili tu.

Mwanga gani, Faridu?

Sikuwa na pa kupita, viatu vyangu vilikuwa nyuma yake. Nilimweleza yote. Alinisikiliza. Akasema yeye aliulizwa kuhusu kidole akajibu kuhusu kidole. Siku nyingine nilete swali zima, nisilete kipande. Niliona haya mpaka masikioni. Yote mawili.

Lakini ni mtu mwema. Kanipa kazi, ya kunisafisha mkono kama alivyosema. Kimejengwa chumba cha kusalia wasafiri hapo stendi, ng'ambo kidogo ya duka langu. Hakina alama. Kinataka bango ukuta unaotazamana na mlango: mshale na neno KIBLA. Hakuna uso, hakuna jicho, hakuna sikio. Mshale uelekee kushoto, upande wa Sirari, ndiko kibla kilipo. Akanikalisha nirudie. Kushoto, Sirari. Kushoto, Sirari. Kushoto, Sirari. Kulia ni Musoma, akasema, na huko hatuna shughuli.

Rukaya kaisikia habari. Kasema sawa. Sheikh akifurahi na hilo bango, yeye mwenyewe atampigia kaka yake aende na lori lake tupu, na kabati halitasogea.

Jumatano, 19 Februari

Mshale umekwisha. Sijawahi kuchora kitu safi namna hii. Kijani kilichokolea, ukingo wa dhahabu, kivuli laini. Leya nne. Nilianza kwa kuuelekeza Sirari kama nilivyoambiwa, nikaangalia mara tatu.

Nilikumbuka agizo la Mzee Werema. Nikalifungua somo la tisa, ile dakika ya mwisho. Mwalimu akaanza, wasanii wangu, jambo la mwisho. Nikawaza: somo hili ni la kugeuza picha. Mtu gani Afrika Mashariki amegeuza picha kuliko mimi? Nimeigeuza mbele ya baraza la wazee. Mwalimu mwenyewe hajafanya hivyo. Nikazima, nikalihesabu limekwisha.

Na kwa kweli linafaa. Niliugeuza mshale na papo hapo nikaona mkia umenenepa. Nisingeona bila hivyo. Nikaupunguza. Ukatulia. Kisha herufi, mwisho kabisa, kama mtaalamu. KIBLA. Zimenyooka. Nikahifadhi.

Nilivuka barabara mchana kweupe, mwenyewe, na flashi yangu. Bhoke kanipigia makofi. Simioni aliuangalia mshale, akaniuliza kama nimemaliza somo. Nikamwambia zaidi ya kumaliza. Akauliza kama mshale unaelekea ninakotaka, maana yeye kwao ni kanisani, mambo ya kibla hayajui. Nikamfundisha. Ukiona herufi zinasomeka sawa, basi jua picha nzima iko sawa. Ndivyo tunavyopima sisi. Akachapa. Fundi wake kalipeleka na kulibandika jioni hiyohiyo. Nimeliona kutoka mlangoni kwangu. Linang'aa mpaka barabarani.

Jumamosi, 22 Februari

Lori limefika. Limepaki mbele ya duka, tupu, limefagiliwa. Shemeji Abdurahmani kanisalimia kwa huruma, kama mtu aliyelazwa. Nikamwambia aende kwanza akaone kazi yangu pale stendi. Sheikh Ashrafu naye yuko hukohuko, leo ndio anakifungua chumba. Kaenda. Mimi nimebaki mlangoni na daftari hili, nikingoja pongezi.

Wasafiri wa basi la Mwanza wameshuka, wameingia kusali. Nawaona vizuri kabisa kutoka hapa. Jambo la ajabu: wote wamesali wameelekea Musoma. Safu nzima, hakuna hata mmoja aliye tofauti. Lakini ndiyo safari. Basi likikuyumbisha kutwa, huna tena mwelekeo. Nitamshauri Sheikh tutengeneze mshale mkubwa zaidi.

Sheikh ametoka nje. Ameliangalia jua. Amerudi ndani. Ametoka tena, amesimama na shemeji, anamwonyesha ukuta kwa mkono huu na barabara ya Sirari kwa mkono ule. Anamweleza mambo ya sanaa, bila shaka. Sasa wanakuja huku wote wawili. Kwa umri wa Sheikh sikujua kama bado anaweza kutembea haraka hivyo.

Nimemwambia Rukaya aandae chai ya wageni. Yeye alikuwa dirishani muda wote. Naona anatoa vikombe vizuri kabatini, kimoja kimoja, anavizungushia magazeti. Sijui chai ya namna gani hiyo. Simuulizi. Nimefungua ukurasa mpya wa mbele wa daftari, ule wa oda, nimeandika juu kwa herufi kubwa: MISHALE, MISIKITI YOTE YA MARA.